Kilo 121 na spoku zinazokatika: nilivyopata gurudumu la kunibeba

Mi ni bonge, tusifichane. Mwaka jana mzani wa hospitali ulisoma kilo 121, daktari akaniambia nitafute mazoezi, kukimbia magoti yakakataa, ikabidi nirudi kwenye baiskeli. Nakaa Pongwe na kazi yangu ipo Tanga mjini, njia yenyewe lami, nikanunua mtumba wa giya wa inchi 26, fremu ya chuma, nikajua nimemaliza.

Wiki ya tatu nikasikia ting! huko nyuma. Spoku imekatika, upande wa cheni, palepale kwenye kona inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Fundi wa jirani akaweka mpya, siku nne mbele ting! nyingine. Ikawa ndo maisha, kila wiki moja au mbili, gurudumu linayumba mpaka linagusa breki, na kila fundi ninayemfuata wimbo ni uleule, bosi punguza mwili. Sasa nitapunguzaje na baiskeli kila siku ipo kwa fundi?

Afu nikafanya kosa la pili, nikaingia dukani nikauziwa gurudumu zima jipya, jeusi, linang'aa, la kisasa kweli. Spoku 28 tu! Halikumaliza hata mwezi, na safari hii mpaka ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya habu, ilipinda.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Ngamiani, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, hakuniangalia tumbo kama wenzake, akachukua lile gurudumu la zamani akaanza kuzigusa spoku kwa kucha moja moja kama mpiga gitaa. "Sikia mwanangu, hii inalia ting, hii inalia bwe. Utafika wapi?" Akaniambia uzito wangu ni kweli upo lakini kinachokata spoku ni kulegea. Gurudumu likizunguka, spoku inayopita chini kwenye barabara inalegea kidogo afu inakaza tena, sasa kama toka mwanzo ilikuwa legevu inachezacheza pale kwenye kona, na waya ukiukunja mara moja haukatiki, ukiukunjakunja ndo unakatika. Ndo maana kubadilisha moja moja hakukunisaidia, zilizobaki zote zilikuwa zimeshachoka.

Wazo lake la kwanza lilikuwa gurudumu la nyuma la Phoenix, zile baiskeli kubwa za mizigo, lile lina spoku 40 na watu wanabebea magunia ya mkaa. Tatizo ni la inchi 28, kwenye fremu yangu halikai. Kwahiyo tukakubaliana kusuka jipya. Ringi ya kuta mbili, yani ukiichungulia kwa ndani ina chumba, matundu 36. Hapa Tanga nilizopata zote zilikuwa za 32, ikabidi niagize Kariakoo ije na basi. Spoku za chuma kisichoshika kutu, unene milimita 2, na vile vinati vyake viwe vya brasi, vya aluminiamu huku pwani chumvi inavitafuna. Habu akakataa ya friwili, yani meno ya cheni yanafungwa kwa nje kama kifuniko, akataka ya kaseti, ambayo meno yanavalishwa juu ya habu yenyewe, kwasababu kwenye ya kaseti gololi za upande wa cheni zinakaa karibu na mwisho wa ekseli, kwenye ile ya friwili zinakaa ndani sana, kipande cha ekseli kinabaki kinaning'inia na mtu mzito anakipinda tu.

Kazi ilichukua siku nzima. Alipomaliza kukaza akavaa glovu akawa anazikamata spoku mbilimbili anazibana kwa nguvu zote, zinalia krr krr, ringi inahama kidogo, ananyoosha, anabana tena. Mara tatu hivo. Kule kwa mafundi wengine sikuwahi kuona mtu anafanya hivi, na nadhani nusu ya pesa niliyolipa ilikuwa halali kwa hicho kitendo tu. Akasema nirudi baada ya wiki mbili akague tena, nikarudi, akakaza kama spoku nne.

La mwisho ni tairi. Nilikuwa natumia la upana wa inchi 1.75, nikaweka la 2.1, fremu ilikuwa na nafasi. Upepo naujaza vizuri maana ukiwa mdogo mtu kama mimi nikipanda kwenye shimo ringi inaibana tyubu chini inatoboka matundu mawili pamoja kama meno ya nyoka. Na kwenye matuta nanyanyuka kwenye siti, hii haigharimu kitu.

Gurudumu la mbele sijaligusa, ni lilelile la mtumba, mbele hakuna uzito wa hivo.

Saivi ni mwezi wa nane tangu alisuke, spoku hata moja haijakatika. Kinacholia ni siti, springi ya kushoto imekatika juzi pale Pongwe, watu wamecheka weee. Mzee kasema nisubiri mwisho wa mwezi kuna ya Phoenix anaifungua mahali.