Ninavyozitambua simu za oda hewa kwenye karakana yangu

Nachomelea mageti, madirisha na vitanda hapa Mwanga, Kigoma. Namba ya fundi wa mji huu haina siri: imepakwa kwenye mlango wa karakana, imeandikwa kwa rangi kwenye kona ya geti alilofunga Gungu au Ujiji. Ndivyo kazi zinavyotufikia, na matapeli wanatupata kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akipiga na kusema "fundi, nimeona kazi zako", kwangu bado hajathibitisha chochote.

Utapeli unaowaumiza mafundi kuliko wote ni oda kubwa yenye kifaa kimoja cha ajabu ndani yake. Anapiga mtu mwenye sauti ya ofisini, anajitambulisha kuwa afisa ugavi wa shule, hospitali, kambi ya jeshi, au shirika linalohudumia wakimbizi Nyarugusu. Anataka vitanda vya dabodeka 60. Ukitaja 350,000 kwa kimoja anakubali palepale, milioni 21. Halafu anaongeza: vitanda lazima vipakwe dawa fulani ya kuzuia kutu, na anayeiuza ni mmoja tu, yuko Dar, namba yake hii hapa. Unampigia huyo wa Dar, naye anajibu kama mfanyabiashara kabisa: zimebaki chache, kuna mteja mwingine anazitaka, tuma nusu nikuwekee. Hao wawili lao moja. Ukishatuma, simu zote mbili zinazimwa. Dawa yenyewe haipo duniani. Jina limebuniwa makusudi ili ukiliulizia duka lolote la vifaa usilipate, uone kweli ni yule mmoja tu anayo.

Mtego huu unanasa watu makini kwa sababu hela haiendi kwa aliyekupa kazi. Inakwenda kwa muuzaji wa vifaa, na kumlipa muuzaji wa vifaa ni jambo la kila siku kwa fundi.

Mimi naanza na bei. Mnunuzi wa kweli huvuta bei. Atakuuliza kazi itachukua siku ngapi, nani anasafirisha, risiti ya EFD unatoa au hutoi. Anayekubali milioni 21 bila kuomba hata elfu kumi ipungue hana mpango wa kuzilipa.

Kisha namuuliza kazi. Bomba liwe na unene gani, milimita 1.2 au 1.5? Godoro la futi mbili na nusu au tatu? Chaga za mbao au za chuma? Ngazi ikae upande gani? Mwenye oda halali ana karatasi mbele yake, au ana mtu wa kumuuliza. Tapeli hujibu "wewe ndiye fundi, fanya unavyojua", kisha anarudi haraka kwenye ile dawa.

Hapo kwenye dawa ndipo hesabu inapomkamata. Kitanda kimoja cha dabodeka kinakula skwea paipu ya inchi moja na nusu kama mita 24, yaani vipande vinne vya mita sita. Mzunguko wa bomba hilo ni kama sentimita 15, kwa hiyo kitanda kina karibu mita za mraba 3.6 za kupaka, na vitanda 60 vina zaidi ya 215. Redoksaidi ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, lita moja inafunika kama mita za mraba 10 ukipaka mara moja. Kwa hiyo zinahitajika lita 22 hivi, karibu galoni sita za lita nne. Akikuambia lita tano za dawa yake zinatosha vitanda vyote, mwombe akueleze zinatosha vipi. Kiasi hicho hakikutokana na eneo la chuma. Kilitokana na pesa anayodhani fundi anaweza kuipata kwa siku moja.

Baada ya hapo nakata simu na kutafuta njia yangu mwenyewe ya kufika kwa mnunuzi. Siitumii namba niliyopewa. Kama ni shule, naenda kwa mwalimu mkuu au kwa mtendaji wa kata. Miradi mingi ya shule na zahanati inayokwenda kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, kamati ndiyo inayonunua vifaa na fundi analipwa ufundi wake, hivyo ombi la kutanguliza hela yako ya vifaa halikai sawa tangu mwanzo. Zabuni za taasisi za umma nazo zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni ulioanza kutumika 2023. LPO, ile hati ya oda, iliyotumwa kama picha ya WhatsApp naisoma, lakini siitegemei. Muhuri unatengenezwa kwa dakika chache.

Simu za mashine za bei ya chini nazishughulikia kwa ufupi. Mtu akisema ana inverta ya kuchomelea iliyokwama bandarini, namwomba picha ya kibao cha taarifa cha mashine, pembeni kuwe na karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo. Akiweza hilo, namtuma ndugu aliyeko Kariakoo aiwashe mashine aione, na nalipa baada ya hapo. Mpaka leo wengi wanaishia kwenye picha.

Anayesema ni wa serikali, iwe leseni, kodi au mtungi wa zimamoto, namwomba kumbukumbu namba ya malipo. Malipo ya serikali hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu.

Karakana ina laini mbili. Iliyoandikwa kwenye mageti haina akaunti ya pesa, na ndiyo wanayoshika vijana wangu. Hata kijana akishawishika, hana cha kutuma. Ya malipo haijulikani na wateja. Kabla ya kuweka namba ya siri nasoma jina linalotokea: "kampuni" ikitokea kwa jina la mtu binafsi, nasimama hapo. Lakini jina kulingana si kibali, maana kuna laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole za watu wasiojua. Ndiyo maana kila baada ya muda napiga *106# nione namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu.

Meseji ya kitapeli naituma 15040 pamoja na namba iliyoituma. Fundi mwenzangu akiwa ameshatuma hela, namwambia apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, kwanza, dakika hiyohiyo, kabla haijatolewa kwa wakala, kisha aende polisi akachukue RB, ile namba ya taarifa yake, akiwa na meseji ya muamala. Meseji hizo asifute hata moja, wala asimpigie tapeli kumtukana, kwani akishajua umegundua ataitoa hela haraka zaidi.