Mafungu Manane ya Dramu za Ami

Marehemu ami yangu alipiga dramu katika bendi za hoteli za Pwani ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka ishirini, na alipofariki mwaka jana aliacha mjane, wana wawili, mabinti watatu, na stoo ya uani huko Majengo, Mombasa, ambayo nusu yake ilijaa dramu hizo, zikiwa zimefunikwa kwa mashuka makuukuu. Mambo mengine ya mirathi hayakutusumbua. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumuni (moja ya nane), na kinachobaki kikigawanywa kwa kanuni ya mwanamume kupata mara mbili ya mwanamke, basi kwa idadi ya watoto wa ami kila binti anapata thumuni na kila mwana anapata mbili. Yaani, kwa bahati ya hesabu, mali yote iligawanyika katika mafungu manane yaliyo sawa.

Tatizo lilikuwa dramu. Binamu yangu mdogo, ambaye ndiye pekee aliyerithi mkono wa babake, alitaka kuzichukua zote na kuwalipa wenzake haki yao. Kwa kuwa yeye ana mafungu mawili, angelazimika kulipia sita, na hapo kila mtu akawa na sababu ya kuitilia shaka bei: ikiwa ya chini, dada zake wamepunjwa, ikiwa ya juu, yeye ndiye anayelipia hewa. Mimi sina fungu lolote, na inasemekana najua kompyuta, kwa hiyo nikatwikwa kazi ya kutafuta thamani yenyewe.

Mzee mmoja wa ukoo alisema kikaoni kwamba ala za muziki hazina thamani ya kurithishwa, hivyo hakuna haja ya hesabu. Mke wa ami alimjibu bila kuinua sauti: “Ngoma hizi zimesomesha watoto watano. Karo ilikuwa na thamani, zenyewe hazina?” Hoja hiyo haikurudiwa tena.

Bei ya kwanza ilikuja yenyewe. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mitaani na mkokoteni alichungulia stoo, akaugonga mzinga wa dramu kubwa kwa kifundo cha kidole, akasema atatoa shilingi 16,000 kwa vyote. Bei ya pili ilitoka kwa mpwa wangu aliye kidato cha tatu, aliyesoma kwenye simu kwamba dramu za kampuni ya Ludwig alizopiga Ringo Starr wa bendi ya Beatles ziliuzwa mnadani Marekani mwezi wa Desemba 2015 kwa zaidi ya dola milioni 2. Habari hiyo ni ya kweli, na kwa siku mbili nyumba nzima ilitembea kwa madaha, kwa sababu dramu za ami pia zilijulikana mtaani kote kama “Ludwig za ami”. Ilinibidi nieleze kwanza kwamba mtu aliyelipa fedha hizo alilipia mikono iliyozipiga, wala si mbao na vyuma. Kisha ikanibidi nieleze jambo lililokuwa zito zaidi, kwamba za ami si Ludwig.

Jina la Ludwig lilikuwa kwenye ngozi ya mbele ya besi, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu. Nilipoifuta vumbi na kuinama karibu, niliona kwamba herufi hizo zilichorwa kwa brashi na rangi ya mafuta: herufi ya d imekaa juu kidogo ya wenzake, na chini ya g kuna tone lililochirizika na kukauka kabla ya kufutwa. Yeyote aliyechora alikuwa na sababu. Beatles walipoonekana katika runinga ya Marekani tarehe 9 Februari 1964, jina la Ludwig la Chicago lilisomeka mbele ya besi ya Ringo, na tangu hapo vijana wapiga dramu wa nchi nyingi hawakutaka jina jingine. Ila kwenye ubavu wa kila mzinga kuna beji ndogo ya chuma, ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma kwa sababu imefichwa na kutu na mabaki ya gundi, nayo inasema Premier, na kwamba kitu hiki kimetengenezwa Uingereza.

Premier si jina la kudharauliwa. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1922 na Albert Della Porta, ikahamia upande wa Leicester baada ya kiwanda chake kupigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Ringo mwenyewe alipiga Premier kabla ya kununua Ludwig. Kwa nchi iliyotawaliwa na Uingereza hadi 1963, si ajabu kwamba dramu nzuri za hapa zilitoka huko badala ya Chicago. Hata hivyo sokoni, seti ya Premier na seti ya Ludwig zenye umri mmoja na hali moja hazilingani bei, na Ludwig iko juu.

Umri ulitupatia kitendawili ambacho bado kinanifurahisha. Nikiwa mtoto nilimsikia ami mara nyingi akilaani ngozi alizoagiza Nairobi, akisema wenye maduka wanauza vipimo vya uwongo, na sote tulidhani ni ukali wake tu. Safari hii niliazima ngozi mpya ya inchi 12, nikafungua skrubu za tomtomu ndogo, yaani dramu ndogo inayokaa juu ya besi, moja baada ya nyingine, nikaondoa pete na ile ngozi kuukuu iliyozibwa kwa plasta, kisha nikajaribu kuivika ile mpya. Ilikataa. Upande mmoja uliingia, na upande wa pili ukagota juu ya ukingo wa mzinga, ukiwa umekosa kwa kiasi cha unene wa sarafu. Nilizungusha, nikasukuma kwa kiganja, nikazungusha tena. Ami hakuwa mwongo, na wala hao wenye maduka. Hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, tomtomu za Premier zilikuwa pana kidogo kuliko kipimo cha Kimarekani ambacho baadaye kilikuja kuwa cha dunia nzima, kwa hiyo ngozi za kawaida za leo haziziingii. Kwa mtafutaji wa thamani, mgoto ule ulikuwa na habari mbili kwa pamoja: kwamba dramu hizi zina umri wa zaidi ya nusu karne, na kwamba zitapungua bei kwa sababu mpigaji hawezi kuingia dukani Ijumaa akatoka na ngozi ya kupigia Jumamosi.

Kwa hali ya dramu zenyewe nilihitaji macho ya mtu mwingine. Mpiga dramu mstaafu wa Kisauni, aliyekuwa akifanya kazi hoteli jirani na ya ami, alikubali kuja kwa malipo ya kahawa na haluwa. Hakupiga hata pigo moja. Alimulika tochi ndani ya kila mzinga, akatafuta tabaka za mbao zilizoachana na tundu za mchwa, akapitisha ncha ya kidole polepole kwenye ukingo ambao ngozi hulalia, kwa sababu ukingo wenye pengo hautunzi sauti hata ukikazwa vipi. Mbao zilikuwa salama, na zile pete za mbao za kuimarisha, juu na chini, hazijang'oka. Ndipo akaanza kutaja kasoro. Besi ilikuwa na matundu mawili yaliyotobolewa kwa keekee ili kushikilia mkono wa toazi, na tundu ambalo halikutoka kiwandani ni kasoro isiyofutika. Ganda la plastiki la rangi ya lulu nyeupe lilikuwa limegeuka manjano kama meno ya mvutaji, jambo ambalo alisema wanunuzi huwa wanalivumilia. Snea, ile dramu fupi yenye sauti kali, haikuwa ya seti hii. Ilikuwa ya chuma, ya Kijapani, na hakuna anayekumbuka ile ya Premier ilikwenda wapi.

“Nani aliosha pete hizi?” akauliza.

Mabinti wa ami walikuwa wamezisugua pete za besi kwa steelwool na sabuni ya unga, kwa nia njema kabisa, siku moja kabla ya yeye kuja. Upepo wa chumvi wa hapa kwetu huweka vitone vya kutu juu ya kromu, na vitone hivyo huondoka kwa kitambaa, mafuta mepesi na subira. Steelwool huondoa kutu na kromu pamoja. Yule mstaafu alizitazama zile pete zilizofifia, akasema “Mzee wa watu!” akimaanisha ami, akanywa kahawa yake.

Matoazi mawili yalikuwa Super Zyn, alama ya Premier yenyewe, moja likiwa na ufa wa urefu wa ukucha. Lau ami angeacha toazi moja la zamani la K. Zildjian, yale yaliyofuliwa Istanbul, lingeweza kuzidi bei ya seti yote. Mimi sikujua hilo, na sasa siwezi kupita mahali wanapouza vitu kuukuu bila kupindua kila kitu cha duara.

Nikarudi kwenye kompyuta. Kosa nililolifanya wiki ya kwanza ni kusoma bei za matangazo, ambazo ni matumaini ya wauzaji. Seti iliyofanana na yetu ilikuwa imewekwa kwa pauni 900, na ilikuwa bado ipo pale mwezi uliofuata. Zilizokwisha kuuzwa kwenye eBay, soko la mtandaoni, ambazo mtu anaweza kuzichuja na kuziona peke yake, zilikuwa karibu na pauni 400, na hizo zilikuwa na snea yake. Kwa pauni moja kwa shilingi 170 hiyo ni 68,000. Ukitoa snea, matundu, na pete zilizosuguliwa, unabaki na kitu cha arubaini na kitu elfu, lakini huko Uingereza. Dramu zetu ziko Majengo. Mizinga ni mitupu, na ndege hutoza mzigo mkubwa mwepesi kwa nafasi unayochukua, kwa hiyo msafirishaji angeondoka na sehemu kubwa ya tofauti.

Kwa mirathi, nadhani, bei ya haki ni ile ambayo mtu wa hapa angetoa leo kwa kitu kilivyo. Seti mpya ya Kichina nimeikuta dukani mjini kwa 55,000, na ngozi zake zinapatikana. Niliwaomba wapiga dramu watatu waje kwa siku tofauti, kila mmoja aandike bei kwenye karatasi na kuikunja bila kuwaonyesha wenzake. Karatasi zilifunguliwa mbele ya warithi wote: 35,000, 38,000 na 45,000. Binamu alitaka ya kati, dada zake wakataka ya juu, na mke wa ami akasema 40,000, kwa kuwa inagawanyika kwa nane bila kutafuta chenji. Elfu tano kwa fungu. Binamu amelipa 30,000 kwa awamu tatu za M-Pesa, na sasa anatafuta mtengenezaji wa ng'ambo anayekata ngozi za vipimo vile vya zamani. Wapo, na hawauzi kwa bei rahisi.

Kulibaki ile ngozi ya mbele yenye jina la uwongo. Haikuwa na bei kwa yeyote kati ya wale watatu, mmoja wao aliiandika kabisa, “ngozi ya mbele, sifuri.” Binti mkubwa wa ami aliuliza kama anaweza kuichukua juu ya fungu lake, na kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sifuri, hakukuwa na njia ya kumkatalia. Nilimsindikiza hadi feri ya Likoni akiwa ameikumbatia kifuani, maandishi yakitazama mbele, na baharia aliyekuwa mlangoni akamwuliza bendi inapiga wapi leo.