Sekunde kumi za kimya: nilivyoinasa 5Z4B nikiwa Mombasa

Kwa miezi minne nilikuwa nikiisikia Afrika Kusini na Israeli kwenye redio yangu karibu kila jioni, lakini Kenya, niliyokuwa nimeketi ndani yake, sikuisikia hata mara moja.

Duniani kuna mtandao wa bikoni 18, vituo vidogo vya redio ambavyo kazi yao ni kujitaja tu, ili wanaredio wa ridhaa wajue mawimbi yanafika wapi saa hiyo. Kwenye megahezi 14.100 zinapokezana: kila moja ina sekunde 10, na dakika 3 zikiisha mzunguko unaanza upya. Yetu inaitwa 5Z4B, ipo upande wa Nairobi, na inasimamiwa na ARSK, chama cha redio za ridhaa Kenya. Zamu yake inafuata ya ZS6DN ya Pretoria na kuitangulia ya 4X6TU ya Tel Aviv. Kwangu basi ikawa: Pretoria, kimya, Tel Aviv. Pretoria, kimya, Tel Aviv.

Vifaa vyangu havikuwa vya kujivunia. Redio ni Tecsun ya mtumba, ila ina SSB, namna ya upokezi inayotoa mlio hata wimbi likija tupu bila sauti, maana redio ya kawaida haitoi mlio wa Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari, utasikia pumzi tu. Antena niliifanya kwa waya wa taa niliouchana, vipande viwili vya mita 5 kila kimoja, katikati nikaunga kebo ya dishi la televisheni, nikaitanda kutoka mnazi hadi mwembe. Bibi akaanika kanga zake juu yake siku hiyo hiyo. "Kamba nzuri hivi, mbona wanikataza?" Nikaipandisha juu zaidi.

Morse yenyewe sikuijua vizuri, na bikoni zinakimbia, maneno 22 kwa dakika. Nilizitambua kwa saa ya simu. Baada ya jina kila bikoni hupiga mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha 0.1. Hapo ndipo unapojua masikio yako yana nguvu kiasi gani. Mwanzoni nilipata mstari mmoja tu wa Pretoria. Nikazima chaja ya simu, maana nayo hutoa kelele redioni, nikapata wa pili. Jioni moja stima ikapotea mtaa mzima, taa za LED za majirani zikanyamaza pamoja na televisheni zao, nikasikia hadi ule wa wati 1. Kutoka Pretoria! Kenya bado kimya.

Nikaamini redio ni mbovu. Nikauliza chamani, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwanachama anayeishi huku huku Pwani. Alinipokea kwa chai na sanduku la kadi, zile ambazo wanaredio hutumiana kuthibitisha kuwa walisikilizana. Nilikwenda na swali moja, nikakaa mpaka magharibi. Alikuwa na kadi za enzi za Radio Society of East Africa, kabla ya uhuru, majina ya vituo vya Kenya yalipoanza na VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Unguja VQ1. Baadaye Kenya ikawa 5Z4, Tanganyika 5H3, Uganda 5X5. Akanieleza jinsi kadi zinavyosafiri: unakusanya zako, chama kinazituma kwa furushi moja kwa chama cha nchi nyingine, nacho kinagawa. Ukizituma moja moja kwa posta, stempu zitakumaliza.

Ndipo akafika kwenye swali langu.

"Redio yako nzima, kijana. Uko karibu mno."

Nilidhani ananitania. Akanitoa uani, akafungua mpira wa maji, akaunyanyua. Maji yakapaa, yakaangukia kule kwenye mgomba. Kuku aliyekuwa karibu na miguu yetu hakupata hata tone. Wimbi la megahezi 14 hufanya vivyo hivyo, alisema: linapanda hadi ionosfia, tabaka la juu angani lenye chaji za umeme, linarudi chini mbali sana. Lile linalotambaa ardhini linachoka mapema. Mombasa, kilomita 440 kutoka Nairobi, ndiyo kuku.

Nilipokwenda Nairobi kwa shughuli za familia nikaibeba redio, nayo 5Z4B ikanipigia mistari yote minne, nikiisikiliza kwa antena fupi ya kuvuta ya redio tu. Basi hapakuwa na shaka. Lakini nilitaka kuisikia nyumbani.

Mzee alinishauri ningoje mwaka wa madoa mengi kwenye jua, na nisikilize alasiri hadi jioni, wakati ionosfia ya huku kwetu imeshiba kiasi cha kurudisha chini hata wimbi linalopanda karibu wima. Nilingoja. Jioni moja, saa kumi na moja na nusu, Pretoria ilimaliza, na pale pa kimya pakaingia nukta tano za haraka, hafifu, zikitetemeka. Tano kwa Morse ni nukta tano. Mzunguko uliofuata nikalihesabu jina lote, na mstari mmoja mrefu baada yake. Kisha Tel Aviv.

Niliruka, nikampigia simu mzee. Aliuliza kitu kimoja tu: mistari mingapi?

"Mmoja."

"Bado chaja ya mtu inawaka hapo," akasema.

Ilikuwa ya Bibi.