Siku moja maishani mwangu: fundi mtandao Mbeya, tarehe 20

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kituoni Uyole, mikono ndani ya koti. Anayeijua baridi ya Juni huku kwetu hahitaji kuelezwa. Begani nina begi lenye koleo ya kubania vichwa vya waya, kipima waya, kompyuta mpakato na adapta ya ruta ya akiba. Watu wakiliona huniletea simu zilizopasuka kioo. Mimi natengeneza mitandao ya ofisi ndogo, zile za kompyuta tano na printa moja, zisizo na uwezo wa kuajiri mtu wa IT.

Saa mbili nilikuwa juu ya bati Iyunga, nairudisha antena iliyogeuzwa na upepo itazamane tena na mnara. Saa tatu Mwanjelwa, dukani, panya wametafuna waya. Nikaukata, nikapanga nyuzi nane kwa rangi zake, nikabana kichwa kipya, nikaaga.

Kabla sijapanda bajaji simu ikaita. "Fundi, uko wapi? Hawa watu wa mtandao wanatuibia! Tunalipia kila mwezi, na leo ni tarehe 20!"

Tarehe 20 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, za mwezi uliopita. Mzee huyu aliyenipigia anashika mahesabu ya wafanyabiashara wa sokoni, na ritani zinapelekwa mtandaoni. Siku ikipita, faini inamwangukia mteja na lawama zinabaki kwake.

Nikafika ofisini kwake. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, hebu kaa hapo uone maajabu." Simu iko sikioni, anasubiri huduma kwa wateja, huku akiamuru wafanyakazi, "Zimeni zote! Washeni tena!" Wakazima, wakawasha. Kompyuta ya katibu muhtasi, ambayo ndiyo pekee ilikuwa bado inafanya kazi, nayo ikagoma. Mzee akanitazama kana kwamba nimeingia na nuksi.

Nilichomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye ruta, nikaipa mwenyewe anwani, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Mtandao unateleza. Nikaacha ping, vile vijumbe vya majaribio vya kwenda na kurudi, ikiendelea kwa muda mrefu, haikupotea hata moja. Nikamwonyesha. "Mzee, mtandao unafika hapa mezani salama. Ugonjwa uko humu ndani."

"Humu ndani wapi? Sisi tumegusa nini? Wewe kijana unawatetea hao!"

Katibu muhtasi ndiye aliyenisaidia. Alisema taratibu, kama anayeogopa kuingilia: "Fundi, asubuhi nikifungua ofisi huwa hausumbui kabisa. Ni ikifika saa nne hivi ndipo unaanza. Na kuzima na kuwasha ndiyo kabisa, ukiwasha tu unaupoteza." Laiti kila ofisi ingekuwa na mtu wa kuangalia hivyo! Mzee alimkatiza, nikamwomba arudie.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta ya katibu, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta. Ruta ya ofisi hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Kompyuta hii ilikuwa na 192.168.0. Maana yake humo ofisini kulikuwa na ruta nyingine inayogawa anwani, na kompyuta ikiwaka huuliza, "Nani ananipa anwani?" halafu humfuata anayewahi kujibu. Ikijibiwa na ruta isiyo na intaneti, inatuma kila kitu huko na hakuna kinachorudi. Zile zilizowashwa alfajiri zilikuwa salama hadi mtu alipozizima.

Kuijua ni dakika chache. Kuitafuta ndiko kulikonimaliza. Swichi yao, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote, iko chini ya meza, nyuma ya mafaili ya miaka yote, na nyaya zote ni za rangi moja, hazina alama. Nikawa navuta mmoja, natambaa kutoka, naangalia kompyuta, narudi. Vumbi puani, magoti sakafuni, na mzee juu yangu anauliza bado. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Wali wa Kyela niliokuwa nauwazia tangu Iyunga ukaishia kwa wengine.

Hatimaye waya mmoja ukanipeleka kwenye tundu la ukuta, chumba cha nyuma, walikompangisha kijana wa kuchapa na kutoa kopi. Juu ya kabati lake, chini ya rimu za karatasi, taa za kijani zinacheza kwenye ruta kuukuu. "Niliitoa nyumbani bro, Wi-Fi ilikuwa haifiki huku." Anafungua kazi saa nne. Anawasha ekstensheni, ruta inaamka pamoja na mashine ya kopi.

Sikumnyang'anya. Nilizima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, kwenye ruta yake, nikaipa anwani isiyogongana na ile kubwa, ikabaki kupeleka Wi-Fi tu. Halafu zima, washa. Safari hii zote zikarudi na 192.168.1, na ritani zikaanza kuondoka, moja baada ya nyingine, mzee akisoma majina ya wateja kwa sauti.

Giza lilikuwa linaingia nilipotaja elfu thelathini.

"Elfu thelathini? Hujabadilisha hata kifaa kimoja!"

"Mzee," katibu muhtasi akasema bila kuinua macho, "ritani zimeenda zote."

Akatoa elfu ishirini, iliyobaki nifuate wiki ijayo. Nikapokea. Kwenye bajaji ya kurudi Uyole ujumbe ukaingia kutoka kwa yule kijana wa kopi: je, naweza kumwongezea spidi Wi-Fi yake kidogo bila mzee kujua? Nimemjibu amuulize mzee, na akimkuta na hela, amkumbushe elfu kumi yangu.