Kumbukumbu ya mradi: baiskeli ya umeme ya kukunja, Kibada hadi Posta

Mradi huu ulianza na lengo moja, nalo ni kufika kazini Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kutoka Kibada, ng'ambo ya Kigamboni, kwa baiskeli ya umeme inayokunjwa, nikivuka bahari kwa pantoni, kisha siku za mapumziko kuitumia baiskeli hiyo hiyo kwa matembezi ya upande wa Mjimwema na Gezaulole. Baiskeli yenyewe ina magurudumu ya inchi 20, mota ya wati 250 ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na betri ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Mota husaidia mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kisha huacha, kama kanuni za Ulaya zinavyotaka. Sikuona sababu ya kuondoa kikomo hicho, kwa kuwa matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo) zilizopo kabla ya kufika Feri, yaani kwenye kituo cha pantoni, hazimpi mtu nafasi ya kukimbia zaidi ya hapo.

Wanaoiona mara ya kwanza huuliza habari za mota, lakini katika njia hii ninayopita kilicho na manufaa makubwa zaidi ni kule kukunjika. Asubuhi, abiria wanapojazana kwenye banda la kusubiria upande wa Kigamboni na geti linapofunguliwa, baiskeli ya kawaida hugonga watu miguuni na mwenyewe hujikuta akiomba radhi mpaka anapoteremka Magogoni, upande wa mjini, ilhali hii nikishaikunja huiweka mbele ya magoti yangu na hakuna anayeigeukia mara ya pili. Ofisini hukaa chini ya meza, kwa hiyo sina haja ya kumwomba mlinzi aniangalizie. Uzito wake unakaribia kilo 20, na siku ambazo lifti haifanyi kazi uzito huo hauhitaji kuelezwa.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya miezi hii imekuwa ya bawaba wala si ya umeme. Bawaba iko katikati ya fremu na hufungwa kwa komeo lenye boliti ndogo ya kurekebishia. Komeo likifungika kwa kusukumwa na kidole kimoja, limelegea, kwani linatakiwa kukataa kidogo mpaka ulisukume kwa kiganja. Hulegeza nati ya kukazia, huzungusha boliti robo mzunguko tu, hufunga tena na kujaribu. Bawaba ya pili iko chini ya usukani, nayo huipima kwa kushika breki ya mbele na kuusukuma usukani mbele na nyuma. Mlio wa "tak" ukisikika hapo, sipandi mpaka niukaze. Kila mwisho wa mwezi hufuta vumbi lote kuzunguka viungio vya kuchomelea na kuvikagua kwa tochi, nikitafuta mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, hasa ule uliojaa vumbi jeusi, maana hivyo ndivyo ufa wa chuma unavyoanza kujionyesha. Mpaka sasa sijauona. Nyaya zinazopita kwenye bawaba nimeziachia kitanzi cha ziada, zisivutwe kila ninapokunja.

Kuhusu matairi, nilichagua inchi 20 makusudi badala ya 16, kwa kuwa gurudumu dogo huzama katika kila shimo. Atakayenunua aangalie maandishi ya ubavuni mwa tairi: tarakimu 406, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita, maana yake ni kipimo kile kile cha baiskeli nyingi za watoto na za michezo za BMX, kwa hiyo tairi na tyubu hupatikana Kariakoo bila kuagiza, lakini 451, ingawa nayo huitwa inchi 20, haiingii kwenye rimu ya 406. Valvu zangu ni za aina ya gari, hivyo upepo naujaza kwenye kituo chochote cha mafuta.

Pancha ya gurudumu la nyuma ilikuwa hofu yangu, kwa sababu ya waya wa mota unaopitia kwenye ekseli. Fundi wa karibu na nyumbani hakuligusa gurudumu kabisa. Aliilaza baiskeli, akalitoa tairi upande mmoja kwa vyuma viwili, akaivuta tyubu nje, akaijaza upepo na kuipitisha kidogo kidogo kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakaonekana. Alipiga msasa, akapaka solusheni, akaipuliza, akabandika kiraka, na waya haukuguswa. Siku gurudumu litakapolazimika kutoka, zile washa (pete bapa za chuma) zenye meno za ekseli zirudi mahali pake na nati zikazwe sawasawa, la sivyo ekseli itazunguka na kuukata waya.

Betri haina mambo mengi. Kuijaza kutoka tupu hutumia chini kidogo ya nusu ya yuniti ya Luku, umeme wa kulipia kabla, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, yaani gharama isiyofika shilingi 200, ambayo ndiyo nauli ya mtu mzima kuvuka mara moja. Siichaji ikiwa bado ina joto la jua, na umeme ukikatika huichomoa chaja, kwa sababu unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo. Wanaofikiria kumwagiza ndugu aliyeko Dubai aje na baiskeli ya namna hii kwenye mizigo yake wafahamu kwamba ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160. Ya kwangu ilikuja kwa meli.

Adui aliyebaki ni chumvi. Ninavuka bahari kila siku ya kazi, na nilipofungua plagi ya betri baada ya masika nilikuta unga wa kijani kwenye pini mbili kati ya nne. Niliusugua kwa mswaki mkavu na spiriti, nikapaka grisi ya umeme, na sasa jioni huifuta baiskeli yote kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba. Siipigi maji ya presha, kwa sababu hayo hupenya hadi kwenye beringi na habu.

Matembezi ya Jumapili yamenifunza mpaka wa baiskeli hii: kwenye lami ya kwenda Gezaulole inakwenda vizuri, lakini ukiingia njia za mchanga zinazoshuka ufukweni gurudumu la mbele hupinda lenyewe, na ni afadhali kuteremka na kukokota. Sasa nasubiri pedi za breki, kisha nitatengenezewa keria ya nyuma kwa fundi wa kuchomelea, fupi kiasi cha kutozuia baiskeli kukunjika.