Siku moja na miche yangu 26 ya pilipili, Chikongola

Saa 11:30 alfajiri. Adhana imeshapita na joto bado liko palepale lilipolala. Mwezi wa kumi Mtwara ndivyo ulivyo: kusi imechoka, mvua hazijaja, korosho zinaanguka, na ukilala na shuka unaamka umeliloweka. Natoka uani na ndoo moja ya lita 20 na kopo la nusu lita.

Nina miche 26. Iko kwenye ndoo za rangi, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa kichwa, viroba vitatu na sufuria moja ya bibi mwenye nyumba iliyotoboka kitako. Mikubwa 14 inapata kopo mbilimbili, midogo 12 kopo mojamoja, na ndoo inaisha. Hiyo ni hesabu tu, maana kabla ya kumwaga nachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Nikikuta unyevu napita. Leo tisa nimezipita. Zamani nilikuwa namwagilia zote kwa huruma, majani yakawa ya njano, nikadhani zina kiu, nikaongeza maji. Miche mitano ikaoza mizizi.

Udongo wetu huku ni mchanga, maji yanapita kama abiria wa pantoni. Kwa hiyo nachanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa ikaoza vizuri, na juu natandaza maganda ya karanga. Maganda yanazuia jua lisichome udongo, na Mtwara hayo hayanunuliwi, unaokota. Maji ya bomba nayatunzia miche michanga. Mikubwa inavumilia ya kisima, ingawa yana chumvi kidogo, na ukiona unga mweupe umeganda kwenye ukingo wa ndoo ujue chumvi imejaa. Ikinyesha mvua ya kwanza nitaitoa yote nje ikaoshwe.

Saa 12 kamili. Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina jasho. Nageuza majani, moja moja, naangalia chini yake. Mtu anayeniona anadhani nasoma.

Nimejifunza kwa hasara. Mwaka jana, mwezi kama huu, majani ya juu yalianza kujikunja. Sisi watu wa huku tumekulia kwenye korosho, na mtoto wa korosho akiona jani limeharibika anawaza dawa moja tu: salfa. Nilikuwa na salfa ya unga iliyobaki shambani kwa mjomba, ile tunayopuliza mikorosho isipate ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Nikaitia kwenye soksi, nikaikung'uta juu ya miche yote saa sita mchana, jua la utosi. Nikajiona mtaalamu.

Kesho yake majani yalikuwa na mabaka kama yamepigwa pasi. Salfa kwenye joto kali inaunguza, na mimi nilikuwa nimeipaka saa ile ambayo hata mbuzi wamejificha. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Nilipogeuza jani nikakuta wadudu mafuta wamejaa, wale vidukari wa kijani, wametulia kabisa. Salfa inasaidia kwa utitiri, lakini hao hawakuwa utitiri. Nilitibu ugonjwa ambao sikuwa nao. Miche 11 ilikufa, na iliyobaki ilinikataa mpaka Januari.

Siku hizi sifungui dawa yoyote kabla sijageuza jani. Jani limejikunja kwenda chini, limekuwa gumu, na mdudu huoni kwa macho: hapo fikiria utitiri. Limejikunja, linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina: hao ni wadudu mafuta, na sisimizi wanawafuga kwa ajili ya ule utamu wanaotoa. Ukigusa mche vikaruka vitu vyeupe kama vumbi, hao ni inzi weupe. Leo nimekuta wadudu mafuta kwenye jani mbili za mche wa sufuria. Nimewaponda kwa kidole gumba. Sabuni itakuja jioni.

Saa 1. Kuku wa bibi wameamka na vita imeanza. Jogoo wake anameza pilipili kichaa nyekundu kama anameza mahindi. Nilikuwa nikiamini atajifunza. Hajifunzi, kwa sababu ndege hawausikii ule muwasho kabisa, wanakula na kwenda kuzitawanya mbegu wanakojua wenyewe.

"Bibi, shikamoo. Jogoo wako kamaliza tena mche wa mwisho kule."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa wewe pilipili umezipanda chini, yeye afanyeje?"

Nimezungushia chandarua kuukuu. Bibi anasema uani kwake pamekuwa wodi.

Saa 1:30. Navuna kabla ya kuwasha bajaji. Nakata na kikonyo chake, kwa mkasi, maana ukiivuta kwa mkono unavunja tawi na pilipili yenyewe inanyauka mapema. Kichaa nachuma nyekundu na kijani, wateja wanataka zote. Pilipili mbuzi nangoja zigeuke njano, hapo ndipo harufu yake inapotoka. Na usizionee huruma mtini: mche ukibaki na mbivu nyingi unaona kazi yake imekwisha, unapunguza maua.

Mkono naupaka mafuta ya kula kwanza, halafu sabuni. Maji peke yake hayauondoi ule ukali, yanausambaza. Hili nalo nililijua njiani kwenda Shangani nikiwa na abiria wawili, nilipojifuta jicho kwa mkono wa kuvunia. Nilisimamisha bajaji pembeni nikalia kama mtoto. Abiria mmoja, mama mtu mzima, alinipa pole huku anashuka kutafuta bajaji nyingine.

Saa 2. Feri. Pantoni imeleta watu wa Msangamkuu na ndoo zao za samaki, abiria ni wa kugombania. Namwachia muuza supu ya pweza kikombe cha kichaa, ananipa 1,000 na bakuli la supu ambalo hatujawahi kulihesabu. Yeye anaziponda na chumvi na ndimu tu. Nilimshauri aongeze mbuzi moja kwa harufu, akaniambia wateja wake wanakuja kula pweza, hawakuja kunusa.

Saa 4 mpaka saa 6. Abiria wa Ligula, wa Soko Kuu, mmoja wa Naliendele, mwingine magunia. Hakuna la kusimulia. Uani bibi anaanika nguo, na akipita anaitikisa miche yenye maua kidogo kidogo. Nilimwomba mwenyewe. Ua la pilipili linajitosheleza, lina dume na jike humohumo, ila uani kwetu upepo umezibwa na ukuta, unga wake unahitaji wa kuushtua. Bibi anasema kazi hiyo anaifanya kwa ajili ya nguo kukauka.

Saa 7 mchana. Nimerudi kula, nimekuta maua manane chini. Joto likipita nyuzi 32, na usiku nao ukagoma kupoa, pilipili inajitupia maua yenyewe. Kilichoniponza ni ukuta wa mabati, unatema joto kama jiko. Nimezisogeza ndoo sita chini ya mwembe, zipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mbolea sikuongeza. Nilishawahi kuiongeza wakati kama huu, samadi ya kuku mbichi mbichi, nikapata majani makubwa ya kuchuma mboga na pilipili tatu.

Kijiweni tumebishana. Dereva mwenzangu wa Newala anasema pilipili kichaa ni ya kwao, bibi yake kaikuta na bibi wa bibi yake kaikuta. Nikamwambia mmea wenyewe ulitoka Amerika, na Wareno ndio walioutembeza baharini miaka ya 1500. Jina lilianzia kwa pilipili manga, ambayo ni mmea mwingine kabisa, na huu ukarithi. Akaniuliza: "Kwa hiyo kabla ya Wareno watu wa Newala walikuwa wanakula muhogo na nini?" Nikakumbuka muhogo nao umetoka hukohuko, nikanyamaza, maana angenipiga.

Saa 10. Mama lishe mmoja pale Majengo huchukua mbuzi kumi kila siku ya pili. Leo kalalamika kwamba anatoa mbegu zote na wateja bado wanatokwa machozi. Nikampasulia moja. Ukali hauko kwenye mbegu, uko kwenye ule utando mweupe unaozishika. Mbegu zinawasha kwa sababu zimelala nao. Akaukwangua utando kwa ncha ya kisu, akaonja, akakunja uso kidogo tu. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu Juni.

"Hukuniuliza, dada."

"Na wewe muuzaji gani, mpaka uulizwe!"

Saa 11:30 jioni. Jua limelala upande. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, natia kwenye chupa yenye kipuliza, napuliza chini ya majani ya sufuria na ndoo mbili za jirani yake. Haibaki sumu, lakini lazima imguse mdudu mwenyewe, aliyejificha kapona. Mwarobaini nimeutwanga, nimeuloweka, utakuwa tayari kesho. Shina nimelifuta kwa kitambaa chenye sabuni kuvunja barabara ya sisimizi. Kitalu cha mbuzi, siku ya 12, bado. Kichaa zilichomoza siku ya nane. Sijafukua kuangalia, ingawa mkono unawasha.

Saa 2 usiku. Ugali wa muhogo, changu wa kuchoma, ndimu na kichaa tatu. Bibi nilimpelekea kipande cha samaki, akasema pilipili yeye hali, presha.

Saa 4 usiku. Natoka na tochi ya simu. Usiku wadudu wengine hutoka, na majani yanayong'aa kwa utamu wa wadudu mafuta yanaonekana vizuri zaidi kuliko mchana. Mche wa sufuria: wanne wamebaki. Naponda. Ndoo ya jirani: sisimizi wamepata njia nyingine, kupitia chandarua cha kuzuia jogoo.

"Nani huko?" Dirisha la bibi.

"Mimi, bibi."

"Hizo pilipili hazilali?"

"Zimelala, bibi. Wadudu ndio wako macho."

Kimya. Nikadhani amelala.

"Basi ukimaliza, niwekee mbili dirishani. Za kijani."