Hesabu ya umri kwanza, siri baadaye

Riwaya ya nyakati mbili, bibi vitani na mjukuu anayefukua sanduku lake, mara nyingi huvunjika kwenye hesabu. Msichana wa miaka 20 mwaka 1942 alizaliwa 1922. Ukiiweka hadithi ya sasa mwaka 2024, ana miaka 102, na binti wa miaka 25 anayemhoji huenda ni kitukuu. Irudishe hadi 1990: bibi ana miaka 68, kumbukumbu anazo, na nguvu ya kukataa kusema anayo. Kukataa huko ndiko kunakoibeba riwaya.

Sasa, kwa nini alinyamaza? "Aliumia sana" haitoshi kwa kurasa 400. Wanawake walikuwa karibu robo tatu ya wafanyakazi wa Bletchley Park, Uingereza, walikofumbua jumbe za siri za Wajerumani. Sheria ya siri za serikali iliwafunga midomo, na kazi yao haikujulikana hadharani hadi katikati ya miaka ya 1970. Wapo waliokaa na waume zao miaka 30 bila kuwagusia. Ufaransa kifungo kilikuwa kingine: baada ya ukombozi wa 1944, wanawake wapatao 20,000 walinyolewa nywele kwa tuhuma za kushirikiana na adui. Sheria hulegea siku moja inayojulikana. Aibu haina siku. Amua mapema, maana ukichagua sheria, mwaka wa hadithi ya sasa umeshajichagua.

Andika wakati wa vita wote kwanza, ndipo usuke wa sasa. Kisha chora jedwali: kila sura, msomaji anajua nini, mjukuu anajua nini. Msomaji akiijua siri sura ya 9 na mjukuu sura ya 20, sura kumi za katikati zimekufa. Hapo ndipo wasomaji huruka kurasa za sasa.

Na barua, jamani. Barua za askari zilipitiwa na wakaguzi. Inayotaja kikosi, mahali na mpango wa kesho haikupita salama. Tumia mwili kudokeza siri badala ya barua. Mwendesha redio wa SOE, idara ya siri ya Uingereza iliyopeleka majasusi nchi zilizotekwa na Wajerumani, alibeba mtambo wa kilo zipatazo 15 ndani ya sanduku la kawaida la safari, na ilimpasa atembee kana kwamba limejaa nguo tu. Mpe mjukuu bibi anayenyanyua mzigo mzito bila bega kushuka, sura ya kwanza kabisa, na usieleze.